Kopo la Vitamini au Sahani ya Omena?

Kila Ramadhani ikikaribia huku Kawangware huwakosi wachuuzi wa makopo ya vitamini, eti "nguvu za saumu". Kopo moja, futari ya siku ngapi hiyo?

Wewe kijana mzima, pesa hiyo nunua ndengu, terere na omena. Omena twaidharau, kumbe ina chuma, na kwa kuwa yaliwa na mifupa yake, kalisi tele. Kamulia ndimu. Chai nayo ingoje kama saa moja, maana hukizuia chuma kuingia mwilini (najua nimewaudhi wengi!). Unga wa pakiti, tangu 2012 sheria yataka utiwe vitamini na madini. Wa kusagiwa mtaani kwa kawaida hautiwi.

Lakini dada mjamzito, kwako mambo ni mengine. Chakula pekee mara nyingi hakikutoshi. Jirani yetu Kibera alivificha vidonge vya kliniki chini ya godoro, akasema sukuma yatosha. Siku ya kujifungua tulikimbizana usiku kumtafutia damu. Alipona, alhamdulillah. Vile vidonge vya chuma na foliki hutolewa bure kliniki za serikali. Vikikuchafua roho, vimeze usiku baada ya kula, na choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho.