Nyuzi Saba



Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Mmoja wao, mzee wa kanisa letu, alikuwa akiketi kila jioni chini ya mwembe akipiga litungu, ala ya Wabukusu yenye nyuzi saba. Nami nikamkemea: "Mzee wangu, acha mchezo, tafuta kazi."

Hakukasirika. Akaniambia, "Mchungaji, kule kiwandani nilijulikana kwa namba. Hapa naitwa mwalimu." Nilipotazama, niliwaona vijana watatu wameketi karibu naye, wakijifunza.

Niliona haya. Mimi niliyesoma chuo cha theolojia nilikuwa nimesahau Samweli wa Kwanza, sura ya 16, jinsi Daudi alivyopiga kinubi na Mfalme Sauli akapata nafuu. Nilisahau pia Marko 6, Bwana wetu alipowachukua wanafunzi waliochoka kwenda mahali pa faragha.

Ndugu yangu, Mungu hakutuumba kwa ajili ya mshahara tu. Lakini si kila starehe ni njema. Starehe ya chang'aa huwaacha watoto na njaa. Starehe njema humwachia jirani kitu. Je, jioni yako humjenga nani?

Tuombe. Ee Bwana, aliyepoteza kazi asipoteze utu wake. Zibariki jioni zetu, ziwe za kukutukuza wewe na kuwafaa wenzetu. Amina.