Kenya: Msamaha na Faili la Mfungwa

Katika mazungumzo ya leo kuhusu nchi jirani tunaitazama Kenya.

Ibara ya 133 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa Rais uwezo wa kumsamehe mfungwa au kumpunguzia adhabu, ila kwa ushauri wa Kamati maalumu. Wamo humo Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza, na wajumbe wasiopungua watano ambao si watumishi wa Serikali.

Wajumbe hao hawakuwapo kosa lilipotendwa. Mfungwa wanamjua zaidi kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2011 inawaelekeza watazame umri wake alipokosa, uzito wa kosa, muda aliotumikia, mwenendo wake tangu ahukumiwe, na taarifa za maofisa. Katiba nayo inawaruhusu kuzingatia maoni ya aliyetendewa kosa.

Ugumu uko katika kupima. Uzito wa kosa haubadiliki hata mfungwa akijirekebisha kwa miaka ishirini. Kamati ikishika hilo peke yake, itakuwa inarudia tu hukumu ya mahakama. Ikishika mwenendo wa gerezani peke yake, itasahau kwamba utii chini ya ulinzi si thibitisho la utulivu uraiani. Na aliyedhulumiwa, ambaye ana haki ya kusikilizwa, anamjua mtu wa siku ile, si lazima wa leo.

Mwezi Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwabadilishia wafungwa 2,747 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Uamuzi wa namna hiyo haumrejeshi mtu kijijini. Kumfungulia mlango hudai faili la mtu mmoja mmoja, lililo kamili.

Hapa kwetu, Bodi za Parole zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 zinakabiliwa na mzigo huo huo. Kwa hiyo askari anayeandika "mwenendo mzuri" kwa mazoea, pasipo kueleza alichokiona, huenda akamrudisha mtu hatari karibu na aliyemdhuru, au akamzika gerezani aliyekwisha kubadilika. Wajumbe hawawezi kupima wasichoandikiwa. Basi na tuandike tulichokiona, tarehe yake na mahali pake, bila chuki wala upendeleo.