Mtaro Kwanza, Lami Baadaye

Maneno yaliyosemwa na wafanya kazi wa gengi la njia katika mkutano wa tawi, Nairobi



Tumeombwa tuseme machache juu ya ile njia ya baisikeli iliyotengenezwa upya, itokayo kwenye nyumba zetu mpaka penye lango la karakana. Sisi si wasemaji. Wengi wetu tulisoma shule za msingi za misheni, tukatoka pale tukaingia katika kazi ya mikono. Lakini kazi yetu ni njia. Sisi ndio tunaotembea juu ya mataruma kila siku na nyundo na koleo, na mambo ya njia twayajua. Basi tutasema tuliyoyaona kwa macho yetu, wala hatutatia chumvi.

Mwakumbuka jinsi njia ile ilivyokuwa zamani. Ilikuwa ya murram, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hata hivyo ilikuwa na mitaro miwili, huku na huku, iliyochimbwa na wazee waliotutangulia. Mvua ikiisha, baada ya saa mbili mtu alipita. Kisha akaja kontrakta na mashine zake. Tukaona lami nyeusi, laini, na mawe ya ukingo yamepakwa rangi nyeupe. Tukasema, leo mtu wa baisikeli naye amekumbukwa. Siku ya kufunguliwa kwake wengi wetu tulipiga makofi, wala hatuoni haya kusema hivyo, kwa maana tulifurahi kweli.

Mvua ya kwanza ilipokuja, njia ile ikawa mto. Mvua ya pili ilipokuja, lami ikaanza kupasuka kama ganda la yai. Na katika mvua ya tatu mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku, aliyekuwa akirudi nyumbani alfajiri, alipita penye maji asione shimo lililokuwa chini yake. Gurudumu la mbele likazama, naye akarushwa juu ya jiwe la ukingo. Mtulinga ukavunjika. Kwa wiki sita hakuinua hata ndoo ya maji. Malipo ya saa za ziada aliyokuwa akiyatumainia kwa karo ya mtoto wake hakuyapata. Ninyi mlimchangia, na twawashukuru. Lakini mchango wetu haukuziba lile shimo. Shimo lingali pale pale, lamngojea mwingine.

Kwa sababu hii, Jumapili moja tulikwenda sisi watu sita, na ubao ulionyoka, pima maji, futi ya chuma na jembe. Tulianza mwanzo wa njia tukaenda mpaka langoni. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Jambo la kwanza ni mwinamo. Njia yoyote yafaa iiname kidogo upande mmoja ili maji yateremke. Si mwinamo mkubwa. Kama njia ina upana wa mita 2, upande mmoja ukiwa chini kwa sentimita 4 au 5 yatosha, wala mpanda baisikeli hatausikia. Sisi tulipoweka ubao na pima maji, mahali pengi lile tone la hewa lilisimama katikati kabisa, kana kwamba tunapima meza. Na mahali pengine njia ilikuwa imebonyea katikati kama sahani. Sahani yafaa kwa mchuzi, haifai kwa njia.

Jambo la pili ni yale mawe ya ukingo tuliyoyasifu. Yamepangwa pande zote mbili, yameinuka juu ya lami, na hayana matundu. Maji yakiingia hayana mlango wa kutokea. Yanakaa mpaka jua liyakaushe, na kila siku yanapokaa yananyonyeza chini.

Jambo la tatu ni mitaro. Mtaro mmoja umefukiwa kwa udongo ule ule uliochimbwa wakati wa kazi, maana kuumwaga hapo ni rahisi kuliko kuuchukua kwa lori. Mtaro wa pili upo, lakini mdomo wa kalvati umewekwa juu ya kitako cha mtaro kwa shibiri nzima. Ndugu zetu, maji hayapandi ngazi. Yatasimama hapo mpaka yajae, kisha yatapita juu ya njia.

Jambo la nne ni lililofichwa. Mahali lami ilipovunjika tulitia futi ya chuma. Lami ilikuwa nyembamba kama vidole viwili, chini yake mawe machache yasiyoshindiliwa, na chini ya mawe udongo mweusi, umelowa, unanata kwenye jembe.

Juu ya udongo huo yafaa tuseme kidogo, kwa kuwa ndio udongo wa sehemu kubwa ya mji huu, upande wa mashariki na wa kusini. Reli ilipofika hapa mwezi wa Mei 1899, palikuwa mahali pa maji na kinamasi, na jina la Nairobi lenyewe latoka katika maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Wajenzi wa reli walipapenda kwa kuwa ni tambarare, kabla ya kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Lakini palipo tambarare ndipo maji huchelewa kuondoka. Na udongo huu mweusi hunywa maji ukavimba, kisha jua likiwaka hujikunja ukapasuka. Ukiweka lami juu yake bila kuuondoa, na bila kuzuia maji yasiufikie, ni kama kutandika mkeka juu ya ng'ombe aliyelala. Akiamka, mkeka hautakaa. Shuleni tulifundishwa habari za mtu aliyejenga juu ya mchanga. Huyu wetu amejenga juu ya kitu kibaya kuliko mchanga.

Sasa twapenda kuwaeleza ninyi wa karakana na wa stesheni jinsi sisi wa njia tunavyofundishwa. Kijana mpya katika gengi akiona taruma zinacheza na tope linaruka kila gari la moshi lipitapo, hukimbilia kokoto. Ataongeza kokoto leo, na wiki ijayo ataongeza tena, na tope litazimeza zote. Mzee wa gengi hafanyi hivyo. Kwanza hutazama mtaro. Anauliza: maji haya yametoka wapi, nayo yanataka kwenda wapi? Akiisha kuyafungulia njia, ndipo anapogusa kokoto. Kokoto zile si pambo. Zimewekwa zenye mianya ili maji yapite upesi yasikae chini ya taruma. Reli ni chuma, lakini kinachoishika reli isizame ni ukavu wa tuta.

Tena msidhani kwamba mtaro ulioziba ni jambo dogo la matope ya viatu. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, katika zile mvua kubwa zilizoipiga nchi nzima, maji yalikusanyika nyuma ya tuta la reli ya zamani huko karibu na Mai Mahiu, kwa kuwa pito la chini ya tuta lilikuwa limezibwa na magogo, mawe na tope. Maji yakajaa kama bwawa, kisha yakabomoa, yakashuka juu ya watu waliolala. Watu zaidi ya 40 walikufa. Sisi watu wa reli hatuwezi kuisahau siku ile. Hatusemi njia yetu ya baisikeli itaua watu wengi hivyo. Twasema kwamba sheria ya maji ni moja, kwenye bonde na hapa nyuma ya nyumba zetu: ukiyanyima njia, yatajichagulia yenyewe.

Kabla ya kwenda mbele, twataka kulikanya neno moja lisemwalo, kwamba vibarua waliofanya kazi ile walikuwa wavivu. Si kweli, na si haki. Vibarua wale ni ndugu zetu, walilipwa kwa siku, na walifanya walivyoagizwa. Mmoja wao alituambia kwamba walimwuliza mnyapara juu ya mtaro, naye akajibu kwamba mtaro haumo katika hesabu ya kazi. Kibarua angefanya nini? Aliyechora na aliyekagua akatia sahihi ndio wa kuulizwa.

Neno jingine tunalolisikia humu humu ndani ya chama ni hili: mambo ya baisikeli ni madogo, chama kishughulike na mishahara. Ndugu zetu, njia ya kwenda kazini ni mshahara. Mwajua sana kwamba mvua ikinyesha tu, nauli ya matatu hupanda, mara nyingine hata maradufu. Mtu mwenye baisikeli hubaki na nauli hiyo mfukoni, asubuhi na jioni. Njia ikifurika, huilipa. Tena hulipa pancha, hulipa rimu iliyopinda, na akichelewa lango hukatwa saa. Jumlisheni hayo kwa masika nzima, kisha mtuambie kama si jambo la mshahara. Na wale wanaotembea kwa miguu, ambao ni wengi kuliko sisi wenye baisikeli, hupita njia hiyo hiyo. Mama anayeuza uji langoni huipita na mtungi wake kabla hakujapambazuka.

Sasa, tufanye nini? Twawaletea mambo matatu mkutano uyakubali au uyakatae.

La kwanza, tuombe kuona karatasi za kazi. Kwa desturi ya kandarasi, sehemu ya malipo ya kontrakta huzuiliwa kwa muda fulani baada ya kazi kwisha, mara nyingi miezi 6 au 12, ili kasoro zikionekana arudi azirekebishe kwa gharama yake mwenyewe. Muda ukipita, pesa hutolewa, naye huenda zake. Ubao ulio mwanzo wa njia waonyesha kazi ilikwisha miezi 5 iliyopita. Kwa hiyo hatuna wakati wa kulala. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Hatuombi hisani. Tunaomba kilicho chetu.

La pili, tuandike malalamiko yetu kwa adabu na kwa vipimo, kama kifungu cha 37 cha Katiba hiyo kinavyoturuhusu. Tusiandike kwamba njia ni mbaya tu, maana neno hilo litajibiwa kwa maneno. Tuandike: mahali fulani hapana mwinamo, mahali fulani mdomo wa kalvati uko juu kwa shibiri. Kipimo hakibishani na mtu. Na tuseme wazi kwamba hatutaki kuwekewa viraka vya lami. Kiraka juu ya maji ni pesa iliyotupwa, na kitampa kontrakta nafasi ya kusema amerudi akatengeneza. Twataka mtaro uliofukiwa ufukuliwe, kalvati ishushwe, ukingo utobolewe, na penye udongo mweusi uondolewe uwekwe mawe yaliyoshindiliwa. Baada ya hayo, lami.

La tatu ni letu wenyewe, na huenda hamtalipenda. Tulipofukua mdomo wa kalvati siku ile, tulitoa chupa za plastiki, vitambaa, na maganda ya mahindi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, lakini chupa bado twazitupa. Chupa hizo hazikuletwa na kontrakta. Basi kila mwezi, Jumamosi moja baada ya zamu, watu wa kila nyumba watoke na jembe, tusafishe mtaro ule mmoja uliobaki. Tukifanya hivyo, hapana ofisi itakayotuambia kwamba sisi ndio tulioharibu njia yetu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, tumeupima, na mwenzetu mmoja ameulipia kwa mfupa wake. Masika mengine hayako mbali. Twaomba mkutano uchague watu watano leo hii, kabla hatujatawanyika, wawili kutoka gengi la njia, wawili kutoka karakana, na mmoja kutoka kwa akina mama wauzao langoni, kwa kuwa njia ni yao pia. Karatasi ya vipimo vyetu iko hapa mezani kwa Katibu. Kila mtu aweza kuja kuitazama, na anayeona tumekosea kipimo, twende naye Jumapili tukapime tena.