Kipato cha Halali Vipindi Vinapopungua
(Hotuba kwa vijana walimu na wazazi wao, uwanda wa Makonde)





Maudhui tuliyopewa yanahusu riziki ya vijana wetu waliosomea ualimu na hawajapata ajira, hasa wale wanaoshika vipindi kwa muda katika shule zetu. Mzee mmoja alitusimamisha baada ya sala ya Ijumaa akatuuliza: “Mtoto wangu kasoma, kafaulu, mbona anashinda barazani?” Swali lile ni la nyumba nyingi, na sisi tumeona si haki kulijibu kwa dua peke yake.

Kwanza yatupasa tuelewe jambo hili limetoka wapi, ili tusiwadhulumu vijana wetu kwa kuwaita wavivu. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, ada ilikuwa imeondolewa na watoto wakafurika madarasani. Miaka michache baadaye kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake. Uhaba wa walimu ulikuwa mkubwa hata vijana waliomaliza kidato cha sita wakapewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa kufundisha. Wazazi waliona hayo kwa macho yao, wakasema: ualimu ndio kazi isiyokosa nafasi. Wakawapeleka watoto vyuoni, wengine hapa hapa kwetu Kitangali, wengine mbali.

Leo mambo yamegeuka. Wahitimu ni wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Mwaka 2016 ajira za serikali zilisimamishwa kwa muda kwa ajili ya uhakiki wa watumishi na vyeti, na waliohitimu wakarundikana. Tangu Januari 2025 waombaji wa ualimu wamekuwa wakiitwa kwenye usaili, jambo ambalo wale waliowatangulia hawakulijua. Tena tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, shule za umma haziwezi kuwatoza wazazi michango ya lazima, ambayo zamani ndiyo iliyomlipa mwalimu wa muda. Kwa hiyo tunaona jambo la ajabu: darasa halina mwalimu, mwalimu hana darasa, na kati yao hakuna fedha.

Kijana huitwa mwalimu mwenye kipindi anapokwenda likizo ya uzazi. Siku 84 zikiisha, mwenye kipindi hurudi na kijana hurudi nyumbani. Mwezi wa Juni shule hufungwa, na Desemba hufungwa tena. Hapo ndipo vishawishi humjia.

Ndugu wapenzi, tuseme wazi kishawishi kikubwa cha huku kwetu, nacho ni kangomba. Kila mmoja hapa anajua tunasema nini. Ni ule ununuzi wa korosho nje ya chama cha msingi, kwa kipimo kisicho mizani, na mara nyingi fedha hutolewa miezi mingi kabla ya mavuno kwa mtu mwenye njaa. Kijana mmoja alitujia akatueleza kwamba amehifadhi shilingi 50,000 alizopata kwa kushika vipindi, na rafiki yake amemshauri azizungushe kwa njia hiyo. Akatuuliza: kuna ubaya gani, ikiwa mwenye korosho ameridhika?

Tulimwomba afanye hesabu pamoja nasi, maana yeye ni mwalimu wa hisabati. Tuchukue mfano kwamba mwezi wa Aprili anampa mama mjane shilingi 50,000 kwa ahadi ya kilo 50, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Mwezi wa Oktoba mnada unatoa shilingi 3,000 kwa kilo. Kilo zile 50 sasa ni shilingi 150,000. Kijana amepata faida ya shilingi 100,000 juu ya 50,000 ndani ya miezi sita, wala hakushika jembe wala hakupulizia salfa hata mti mmoja. Kijana alinyamaza. Kisha akasema: “Mama huyo angeweza kuwa mama yangu.”

Wapo wanaosema kwamba dini inaruhusu kulipa mazao kabla ya kuvunwa. Ni kweli, inaruhusu, lakini kwa masharti: bei ilipwe yote papo hapo, kipimo kijulikane, sifa ya mazao ijulikane, na muda wa kukabidhi ujulikane. Mtukufu Mtume s.a.w. aliwawekea watu wa Madina sharti la kipimo na muda kujulikana walipokuwa wakiuziana tende kwa njia hiyo, ili dhuluma isipate mlango. Bakuli lisilo na uzito maalumu halitimizi sharti. Na bei iliyokubaliwa kwa sababu watoto hawajala tangu jana si ridhaa, ni dhiki.

Zaidi ya hayo, kangomba inavunja utaratibu wa nchi. Katika msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua mwezi Novemba kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ulifanyika uhakiki, na aliyeleta korosho bila kuwa na shamba alitakiwa aeleze amezipata wapi. Wengi waliotia akiba yao huko walikosa la kusema.

Jambo la pili ni mabibo. Tunda hili ni neema, na msimu wake linaoza chini ya miti kwa wingi. Lakini kumwuzia mtu tunayejua kwamba atalifanya uraka au atalipika gongo ni kumsaidia katika haramu, hata kama sisi wenyewe hatuonji. Anayetaka kuchuma kwa mabibo na akamue maji yake, ayauze siku ile ile yakiwa mabichi, au ayakaushe.

Sasa mtatuuliza: mmetuzuia huku na huku, basi mnatuonyesha wapi? Tunajibu kwamba kalenda ya shule na kalenda ya mikorosho, tukizitazama pamoja, zinasaidiana.

Kuanzia Mei hadi Julai mikorosho hupuliziwa salfa dhidi ya ubwiriunga. Likizo ya Juni inaangukia humo humo. Vijana wawili wenye mashine moja, wakijifunza kwa wataalamu wa kilimo namna ya kupima dawa na kujikinga pua na macho, wanaweza kufanya kazi ya malipo katika mashamba ya wazee wasio na nguvu. Malipo yaandikwe kwa idadi ya miti, si kwa makisio. Wakati huo ufuta nao unavunwa, na baadaye hufuata mbaazi.

Oktoba hadi Desemba ni wakati wa ghala na mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza katika korosho msimu wa 2007/08, vyama vya msingi vimehitaji watu wa kupima, kuandika na kutunza stakabadhi. Nani anafaa kuliko mwalimu, mwenye mwandiko unaosomeka na hesabu iliyonyooka? Lakini tunawaonya: karani anayepunguza kilo moja katika kila gunia amerudi kwenye kangomba kwa mlango wa nyuma.

Kubangua korosho nyumbani nayo ni kazi ya heshima, ila ifanywe kwa hesabu. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takribani kilo moja iliyobanguliwa. Ikiwa ghafi ni shilingi 3,000, basi kilo moja ya mbanguo imekula hadi shilingi 15,000 kabla ya kuni na jasho. Anayeiuza chini ya hapo anagawa mali ya familia. Korosho ziwe za shamba la nyumbani, na mikono ikingwe, kwani mafuta ya ganda huchoma ngozi.

Kwa wanaotaka mtaji, ipo mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tangu sheria ya mwaka 2018 mikopo hii haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na baadaye ikarejeshwa. Hutolewa kwa vikundi, basi jiungeni na watu mnaojua uaminifu wao, na mkikopa, lipeni.

Nanyi vijana, msiuache ualimu. Mnapoitwa kushika vipindi, ombeni karatasi inayotaja idadi ya vipindi, malipo na siku ya kulipwa. Kujitolea ni sadaka pale mtu anapojua tangu mwanzo kwamba anatoa sadaka. Akiahidiwa ujira asilipwe, hiyo ni dhuluma. Tunzeni vyeti vyenu, ombeni nafasi zinapotangazwa, na msikose usaili kwa sababu ya magunia.

Tunamalizia kwa kusema na sisi wenyewe, tulio wazee na viongozi wa misikiti. Tunawalaumu vijana kwa kwenda kangomba, nasi mwalimu wa madrasa yetu tunamlipa nini? Tunampa asante na kikombe cha chai. Mwenye uwezo na amkopeshe kijana mtaji bila riba na kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Na kila msikiti uweke utaratibu wa kumtazama mjane mwezi wa Machi na Aprili, kabla hajaiuza korosho yake ingali ua. Tukifanya hivyo, kangomba itakosa wateja bila askari.

Nabii Daudi a.s., pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Nabii Zakaria a.s. alikuwa seremala. Basi mwalimu asione haya kushika mashine ya salfa mwezi wa Juni na chaki mwezi wa Julai. Haya aione kwenye kilo isiyo yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, aibariki hata ikiwa kidogo, na atuepushe na kula jasho la wanyonge. Amin.