Korongo Kavu Si Kiwanja

Msikilizaji wa Baray, leo tuzungumze kuhusu korongo. Lile kavu, lenye mchanga, ambalo watoto hulifanya uwanja wa mpira.

Mvua hunyesha kule juu, Karatu au Mbulu. Kwako jua linawaka. Maji huteremka kuelekea Ziwa Eyasi, yamebeba mawe na magogo. Hayapigi hodi.

Ukijenga korongoni, umejenga njiani. Choo nacho hufurika. Uchafu huingia kwenye mfereji wa vitunguu, halafu kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Kuhara huanzia hapo. Kipindupindu pia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ni zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira.

Kabla ya kuchimba msingi, nenda ofisi ya kijiji, uliza njia ya maji ilipo. Waulize na wazee. Dalali hatakwambia.

Narudia: korongo kavu si kiwanja.

Na kama tayari unaishi humo, ukisikia ngurumo milimani, hamisha watoto kwanza. Vyombo baadaye.