Kuzijua Wati na Uniti: Mazungumzo na Watumiaji wa Umeme wa Mafia na Shungimbili



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya maneno machache yaliyoandikwa kwenye vifaa vyenu vya umeme, kwa kuwa asiyeyaelewa hulipa asichokijua. Maneno hayo ni volti, ampia, wati na uniti.

Volti ni kipimo cha msukumo unaoupitisha umeme katika waya. Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Ampia ni kipimo cha mkondo wenyewe. Volti zikizidishwa kwa ampia, kwa makadirio, hupatikana wati, yaani kasi ya kifaa katika kutumia umeme. Kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi kwa saa moja, kimetumia kilowati-saa moja, nayo ndiyo uniti mnayoinunua kwa LUKU.

Wavuvi watatuelewa upesi. Wati ni mwendo wa mashua. Uniti ni masafa iliyokwisha kuyapita. Mashua iendayo polepole usiku kucha hufika mbali kuliko iliyokwenda mbio kwa nusu saa. Pasi ya wati 1,000 ikitumika nusu saa kila siku hula uniti 15 kwa mwezi. Friza ya wati 150, ambayo mota yake huzunguka saa 12 kwa siku, hula uniti 54.

Tuichukue nyumba yenye friza hiyo, televisheni ya wati 60 na taa tano za wati 9, televisheni na taa zikiwashwa saa tano kila siku. Kwa mwezi itatumia uniti 69.75. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Nyumba hiyo hulipa shilingi 6,975 kabla ya kodi na tozo.

Sasa mpira wa mlango wa friza uchakae, baridi itoroke, na mota izunguke saa 16. Matumizi yatafika uniti 87.75, na malipo shilingi 11,962.50. Mpira uliochakaa umekula karibu shilingi 5,000 kwa mwezi mmoja. Atakayelaumu mita pasipo kuukagua mpira huo ataendelea kulipa.

Kwa wanaosafiri katika maji ya Shungimbili, mbali na nguzo za umeme, hesabu ni ya betri. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi na asidi, ni vema kutumia nusu tu ili idumu; hivyo zinabaki wati-saa 600. Taa nne za wati 10 zitawaka saa 15. Anayeuziwa betri hiyo moja kwa ahadi ya kuendesha friza tuliyoitaja ajue kwamba friza huhitaji wati-saa 1,800 kwa siku.

Ukitaka kuipima nyumba yako, andika uniti zilizobaki kwenye mita, kisha soma tena baada ya saa 24 kamili. Tofauti yake izidishe kwa 30. Vilevile, zima na uchomoe kila kifaa, kisha usome mita mara mbili kwa kupishana saa moja. Zikiendelea kupungua, mwite fundi mwenye leseni akague nyaya, usizifungue mwenyewe.

Endapo nyaya ni nzima na bado mnatilia shaka mita, pelekeni lalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, pamoja na tarakimu mlizoandika na stakabadhi za manunuzi. Msiporidhika na majibu, lileteni kwetu EWURA. Lalamiko lenye tarakimu husikilizwa na kuamuliwa kwa wepesi zaidi kuliko lenye manung'uniko matupu.