Ulimi wa Mtu Mashuhuri na Mizani Yetu

Mazungumzo na viongozi wa walei





Mada tuliyopewa leo huenda ikaonekana kuwa mbali nasi. Tumeombwa tuzungumze juu ya watu mashuhuri wa Marekani wanaotamka maneno ya kuudhi mbele ya umma, na jinsi wanavyowajibishwa, au wasivyowajibishwa, katika nchi iliyogawanyika vibaya kisiasa. Baadhi yenu mlituuliza pale mlangoni kama tumekosa matatizo ya kwetu. Hatukukosa. Lakini vijana wetu wanayaona mambo hayo katika simu zao kila siku, na tumewasikia watu hapa hapa parokiani wakibishana juu ya wachekeshaji wa New York kwa ukali usiopungua ule wa Simba na Yanga. Aidha, kesi ya jirani wa mbali ni rahisi kuipima, maana hatuna ndugu ndani yake.

Tuanze na mwaka 2018. Mwigizaji Roseanne Barr alikuwa amejulikana tangu mwaka 1988 kwa kipindi cha televisheni kilichobeba jina lake, juu ya familia ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Kilikoma mwaka 1997. Tarehe 27 Machi 2018 kituo cha ABC, ambacho ni mali ya kampuni ya Disney, kilikirudisha hewani, na watu zaidi ya milioni 18 wakakitazama siku hiyo ya kwanza. Safari hii mhusika mkuu alikuwa mfuasi wa Rais Donald Trump, kama alivyokuwa Barr mwenyewe. Rais alimpigia simu kumpongeza, kisha akauambia umati wa wafuasi wake huko Ohio kwamba kipindi kile kiliwahusu wao. Tangu hapo kukitazama au kutokitazama kipindi kile kukawa kama kadi ya chama.

Tarehe 29 Mei mwaka huo huo, Barr aliandika katika mtandao wa Twitter maneno machache juu ya Valerie Jarrett, mama mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa mshauri mwandamizi wa Rais Obama. Hatutayarudia maneno yale hapa. Inatosha kusema kwamba alimfananisha na uzao wa manyani, tusi ambalo watu weusi wamebebeshwa kwa karne nyingi, na ambalo halihitaji kufafanuliwa kwa Mwafrika yeyote. Kabla jua halijazama siku ile, ABC ilikuwa imekifuta kipindi chake chenye watazamaji wengi kuliko karibu vyote. Barr aliomba radhi, kisha akasema alikuwa amemeza dawa ya usingizi usiku ule. Watengenezaji wa dawa hiyo wakajibu hadharani kwamba ubaguzi wa rangi haumo katika madhara yake yanayojulikana. Watu walicheka, nasi tulicheka, lakini jibu lile lilikuwa la haki kabisa.

Mama Jarrett, alipoulizwa jioni ile, hakudai kichwa cha mtu. Alisema tukio hilo liwe nafasi ya watu kujifunza. Naye Rais wa nchi hakusema neno la kumtetea mama aliyetukanwa; alilalamika kwamba mkuu wa Disney hajawahi kumpigia simu yeye kumwomba radhi kwa yale yaliyosemwa juu yake katika kituo kile.

Ndugu wapendwa, siku moja tu baadaye, tarehe 30 Mei, mchekeshaji Samantha Bee, wa upande wa pili wa siasa, alimtaja Ivanka Trump, binti wa Rais, kwa neno chafu la matusi ya wanawake. Alikuwa akizungumzia jambo zito, yaani watoto wa wahamiaji waliokuwa wakitenganishwa na wazazi wao mpakani. Na hapa tunaomba mtazame kwa makini. Barr aliandika peke yake usiku. Kipindi cha Bee kilirekodiwa, kikahaririwa, kikapitishwa na watu wenye mishahara, ndipo kikarushwa. Siku iliyofuata Bee aliomba radhi, na kituo chake cha TBS nacho kikakiri kwamba kilikosea. Baadhi ya wafanyabiashara waliondoa matangazo yao. Kipindi kiliendelea hadi mwaka 2022.

Ikawa kama watu wamebadilishana viti ukumbini. Waliosema jana yake kwamba Barr ameonewa, kwamba ule ulikuwa mzaha tu, leo walidai Bee afukuzwe, na Rais mwenyewe aliuliza kwa nini hafukuzwi. Waliosema jana yake kwamba maneno huumiza, leo walieleza kwamba neno lile lilitokana na uchungu wa haki. Tunakiri kwamba makosa yale mawili hayakuwa sawa. Tusi linalomtoa mtu katika ubinadamu kwa sababu ya ukoo wake lina historia ya minyororo na kamba nyuma yake. Neno chafu kwa mwanamke mwenye madaraka ni uovu wa namna nyingine. Lakini wachache sana waliketi na kuupima uzito huo. Wengi waliangalia kwanza aliyesema ni wa nani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Msidhani kwamba ni upande mmoja uliovumbua adhabu hizi. Tarehe 10 Machi 2003, siku chache kabla ya vita vya Iraki, wanamuziki watatu wanawake walioitwa wakati ule Dixie Chicks walikuwa jukwaani London. Mmoja wao, Natalie Maines, alisema wanaona aibu kwamba Rais Bush anatoka Texas, jimbo lao. Hakumtukana mtu kwa rangi wala kwa dini. Hata hivyo stesheni nyingi za redio ziliacha kupiga nyimbo zao, santuri zao zikakanyagwa kwa trekta, na wakatishiwa kuuawa. Waliodai adhabu ile walikuwa wahafidhina, baba na mama wa wale ambao leo wanalalamika kwamba mtu hawezi tena kufungua kinywa chake. Mwaka 2007 wanamuziki hao walipata tuzo tano za Grammy, ila redio nyingi za muziki wao hazikuwarudia.

Tena wajibu wenyewe haugawanywi sawa. Oktoba 2016 ilitolewa hadharani kanda ya mwaka 2005 ambamo Donald Trump, wakati huo mgombea urais, alisikika akijigamba jinsi anavyowashika wanawake bila ridhaa yao. Aliyekuwa naye ni mtangazaji Billy Bush, ambaye katika kanda ile anacheka na kumchochea. Trump aliomba radhi, akasema yalikuwa mazungumzo ya wanaume chumba cha kubadilishia nguo, na mwezi uliofuata alichaguliwa kuwa Rais. Aliyecheka akapoteza kazi. Hatusemi hakustahili. Tunasema tu kwamba mwajiri humwajibisha aliye chini yake, naye mwenye wapiga kura milioni sitini na zaidi nyuma yake hana mwajiri wa kumwita ofisini.

Sasa tuje kwenye jambo linalotusumbua zaidi kama Tume, nalo ni hili: ni nani mwenye haki ya kuadhibu? Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanaizuia serikali kubana uhuru wa kusema. Hayamzuii mwajiri binafsi kumwachisha kazi mtangazaji wake, wala mtazamaji kuzima televisheni. ABC ilipomfuta Barr, haki yake ya kikatiba haikuguswa. Lakini Septemba 2025 yalitokea mambo mengine. Tarehe 10 mwezi huo mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk aliuawa kwa risasi chuoni huko Utah, kijana wa miaka 31, mume na baba wa watoto wawili. Siku tano baadaye mchekeshaji Jimmy Kimmel wa ABC alitoa maneno yaliyodokeza kwamba muuaji anatoka upande wa wafuasi wa Trump. Msiba ulikuwa bado mbichi. Kwa maoni yetu, yalikuwa maneno ya haraka na yasiyo na busara katika nyumba ya msiba.

Lakini tarehe 17 mwenyekiti wa tume ya serikali inayotoa leseni za utangazaji, Brendan Carr, alisema hadharani kwamba makampuni husika yachukue hatua, la sivyo tume yake itakuwa na kazi ya kufanya. Saa chache baadaye makampuni makubwa yenye vituo vya televisheni yalitangaza kutokirusha kipindi kile, na ABC ikakisimamisha bila kutaja kikomo. Hapo si mwajiri tena anayepima heshima ya kituo chake. Ni mwenye mhuri wa serikali anayegonga mlango. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 2024, kwa sauti moja ya majaji wote tisa, kwamba afisa wa serikali haruhusiwi kutumia vitisho juu ya kampuni ili kuzima maneno asiyoyapenda.

Yuko mtu mmoja aliyetupa moyo katika sakata hilo, naye ni seneta Ted Cruz wa Texas. Ni wa chama cha Carr, hampendi Kimmel hata kidogo, na alisema hivyo. Hata hivyo alimkemea Carr waziwazi, akifananisha vitisho vyake na vile vya magenge ya wahalifu, na akaonya kwamba silaha hiyo siku moja itashikwa na wapinzani. Hatukubaliani na seneta huyo katika mambo mengi. Siku ile alitumia mizani moja.

Kimmel alirudi hewani tarehe 23, siku sita tu baada ya kusimamishwa. Alisema hakukusudia kuufanyia mzaha mauaji ya kijana yule, na sauti yake ilikatika. Lakini katika majuma hayo hayo walimu, wauguzi na wafanyakazi wengine wa kawaida walifukuzwa kazi kwa maneno waliyoandika juu ya kifo kile, mengine ya kikatili kweli, mengine ya kukosoa tu. Hao hawakuwa na watazamaji wa kuwaandamania.

Mtatuuliza: je, basi kila neno liachwe? La hasha. Sisi wa ukanda huu tunajua neno linavyoweza kufika mbali. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki aliyependwa sana Rwanda. Tarehe 2 Desemba 2008, hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Majaji hawakumfunga kwa nyimbo zake. Walimfunga kwa sababu mwaka 1994, akiwa katika msafara wa magari yenye vipaza sauti, aliwahimiza watu barabarani wawaue Watutsi. Kuchochea mauaji ni jinai, na mwenye umaarufu huchochea wengi kwa mara moja. Asiyetofautisha uchochezi wa namna hiyo na mzaha mbaya ataishia ama kuwafunga wachekeshaji, ama kuwaacha wauaji.

Tumalizie na habari ya mwaka 2007, ambayo imekaa nasi kuliko hizo zote. Wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers, jimbo la New Jersey, walifika fainali ya taifa wakashindwa na Tennessee. Walikuwa kumi, na watano kati yao walikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili mtangazaji maarufu wa redio, Don Imus, aliwadhihaki hewani kwa maneno ya kuwadhalilisha kama wanawake na kama watu weusi. Siku chache baadaye alikwenda kuomba radhi katika kipindi cha mchungaji na mwanasiasa Al Sharpton. Sharpton ni mtu mkubwa. Lakini si yeye aliyetukanwa. Matangazo ya biashara yalipoanza kuondolewa, redio ikamwachisha kazi tarehe 12.

Jioni ya siku hiyo hiyo, akiwa hana tena kazi ya kuokoa, Imus alikwenda katika makazi rasmi ya gavana kukutana na wasichana wale, wazazi wao na mwalimu wao, mama Vivian Stringer. Gavana aliyekuwa njiani kuhudhuria alipata ajali mbaya ya gari, akiwa hakufunga mkanda. Kikao kiliendelea bila yeye. Walikaa karibu saa tatu. Kesho yake mama Stringer alitangaza kwamba timu imeipokea radhi ile. Desemba mwaka huo Imus alirudi kwenye redio nyingine, na wako waliosema amesamehewa upesi mno. Huenda. Lakini walioumizwa walipata kuketi mbele yake na kumweleza uso kwa uso.

Tunalisema hili kwa sababu nasi tunalo deni. Katika semina yetu ya mwaka jana, katika ukumbi huu huu, mwezeshaji tuliyemwalika sisi wenyewe, mtu anayependwa kwa vichekesho vyake, alitoa mzaha juu ya watu wa mkoa mmoja. Ukumbi ulicheka. Sisi tuliokuwa meza kuu tulicheka pia. Mama mmoja wa mkoa huo, mwenyekiti wa jumuiya, alichukua mkoba wake akatoka. Juma lililofuata tulibandika tangazo la kuomba radhi kwenye ubao wa parokia, tukaona tumemaliza. Mwezi uliopita tulisikia kwamba hakulisoma tangazo lile, maana tangu siku ile anasali parokia ya jirani.

Tulikwenda kwake Jumamosi iliyopita, watu wanne. Alitukaribisha ndani, akatupa chai, akatusikiliza hadi mwisho. Akasema amesikia, naye atafikiri. Tulimwambia kwamba leo tutakuwa hapa na kwamba kiti chake kipo. Tumekiacha pale mstari wa pili, na tunaomba asikikalie mtu hata kama semina itajaa.

Sasa tunakaribisha maswali.